UZI: Kusubiri matokeo ya kidato cha sita na kupanga vyuo vya akiba (Arusha na Moshi)

Mlezi_Sakina

Salaam wakuu. Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Hapo katikati kuna wiki ambazo nyumba nyingi huzimaliza kwa kuhesabu siku na kubashiri divisheni. Wiki hizo ni za kazi. Dirisha la kwanza la udahili likifunguliwa, mwenye karatasi zake tayari na anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa hawaendi mwendo mmoja, hata wakiwa na alama zilezile.

Naanza na jambo linalopotosha watu kuliko yote: divisheni siyo kipimo cha kuingilia chuo kikuu.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hutoa A kuanzia 80, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39, chini ya hapo F. Divisheni hupatikana kwa kujumlisha masomo matatu ya kombi (mchanganyiko anaousoma mwanafunzi): A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni I, 10 hadi 12 ni II, 13 hadi 17 ni III, 18 na 19 ni IV. Huku pointi chache ndiyo sifa.

TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S ni nusu. Sharti la chini la digrii ni prinsipali mbili, yaani E au zaidi, zenye jumla ya pointi 4. Na masomo hayo mawili yawe yale yaliyotajwa kwenye programu unayoomba.

Sasa tazameni. Kijana wa kwanza ana D, E, E. Kwa NECTA ni 4+5+5, pointi 14, divisheni III, prinsipali tatu. Nyumbani wanachinja kuku. Kwa TCU masomo yake mawili bora ni 2+1, pointi 3. Digrii ya moja kwa moja haipati. Kijana wa pili ana C, E, F. Kwa NECTA ni 3+5+7, pointi 15, divisheni III ya nyuma zaidi, na somo moja kafeli kabisa. Kwa TCU ni 3+1, pointi 4. Huyu anaingia, mradi C na E yake ziko kwenye masomo ya programu.

Kwa hiyo msikae mkiuliza "atapata divisheni ngapi". Chukueni karatasi, andikeni alama mnazotarajia kwa kila somo, kisha shusheni kila somo daraja moja, halafu hesabuni kwa pointi za TCU. Hesabu ya pili ndiyo ya kupangia vyuo vya akiba.

KombiHGL_Ngaramtoni

Shikamoo mwalimu. General Studies (GS) na BAM, ile hisabati ya msingi, zinaingia kwenye hizo pointi?

Mlezi_Sakina

Marahaba. Haziingii, si kwenye divisheni wala kwenye pointi 4 za TCU. Ila usizidharau. Programu nyingi za uhasibu, uchumi na kompyuta zinasema hivi: kama hisabati ya juu siyo mojawapo ya prinsipali zako, uwe na ufaulu wa BAM au ufaulu wa hisabati ya kidato cha nne. Mtu wa HGE (historia, jiografia na uchumi) mwenye pointi 7 anaweza kukataliwa na mfumo kwa sababu hisabati ya kidato cha nne alipata F. Mfumo husoma matokeo yote mawili, ya nne na ya sita, kwa namba ya mtihani uliyojaza.

Steshenari_Kaloleni

Naongezea upande wa fomu. Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na alama.

La kwanza ni barua pepe na namba ya simu. Kijana anakuja steshenari, hana barua pepe, mhudumu anamjazia ya kwake ili kazi iishe haraka. Wiki kadhaa baadaye chuo kinatuma ujumbe, TCU inatuma msimbo wa kuthibitisha, vyote vinaangukia kwa mhudumu ambaye pengine kahama kibanda. Fungua barua pepe yako mwenyewe wiki hii. Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu wa nyumbani na ambayo haitazimwa. Neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, tena kwa herufi kubwa na ndogo kama lilivyo.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema majina mawili, matokeo yanasema matatu, au herufi zimepishana: Elisante na Elisanti, Ndesamburo na Ndesambulo. Fomu ya udahili hufuata majina ya NECTA. Tatizo huja kwenye mkopo, ambapo cheti cha kuzaliwa nacho kinasomwa. Tofauti kama hiyo mpelekee mwanasheria mapema akuandalie hati ya kisheria ya majina. Usiingoje Agosti.

La tatu ni faili. Kila mfumo una kikomo chake cha ukubwa. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu huwa kubwa mno, na ukiipunguza ovyo maandishi yanafifia. Skani kwa nukta 150 hadi 200 kwa inchi, hifadhi PDF, soma mwenyewe kabla ya kupakia. Muhuri ukionekana doa jeusi tu, rudia.

Cheti cha kidato cha sita chenyewe hakihitajiki wakati wa kuomba. Mfumo wa chuo huvuta matokeo kutoka NECTA. Msidanganywe kulipia "kuharakishiwa cheti".

MamaPendo_UsaRiver

Ahsanteni. Swali: kijana akiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kambini nani anamwombea? Simu hawaruhusiwi kukaa nazo muda wote.

Mlezi_Sakina

Hili linagusa nyumba nyingi, mama. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria huchukua miezi mitatu na huanza muda mfupi baada ya mitihani, kwa hiyo matokeo na dirisha la kwanza hukuta vijana wako kambi ya Oljoro au mikoa ya mbali. Kabla hajaondoka, aache nyumbani vitu hivi: namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, barua pepe na neno la siri, picha ndogo za pasipoti pamoja na nakala yake ya kompyuta, cheti halisi cha kuzaliwa, na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake yenye programu anazozitaka kwa mpangilio.

Hiyo karatasi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, mjomba mmoja atasema ualimu, shangazi atasema uuguzi, na mtoto atakuta kapelekwa kusoma kitu ambacho hakukitaja hata siku moja. Aandike mpangilio wa aina mbili: "nikipata nilichotarajia" na "nikipata pungufu".

Laini ya simu iliyojazwa kwenye fomu ibaki kwa mzazi, siyo kwenye begi la kambini. Kwa fomu ya mkopo inayotaka sahihi ya mwombaji, ulizeni kambini mapema utaratibu wa kumfikishia karatasi.

Msajili_Mstaafu_Moshi

Nichangie kwenye kuchagua, maana hapo ndipo vijana wenye alama nzuri wanapoanguka.

Shusheni mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya TCU. Ipo miwili, wa waliomaliza kidato cha sita na wa wenye stashahada; msichanganye. Kwa kila programu mtaona jina na namba yake, masharti ya kuingilia, pointi za chini, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Watu husoma masharti wakaacha idadi ya nafasi. Pointi za chini zinakupa ruhusa ya kushindana tu. Programu yenye nafasi 50 inayoombwa na maelfu itajaa kwa watu wenye pointi za juu kabisa, na wewe mwenye kiwango cha chini utakuwa umetumia shilingi zako bure. Programu yenye nafasi 300 ambayo haivutii kelele za mtaani, kwa pointi zilezile, inakuchukua.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi yanapelekwa chuo kwa chuo, siyo tena kupitia mfumo mmoja wa TCU. Vyuo vingi hutoza 10,000 kwa ombi. Kila chuo kina nafasi kadhaa za machaguo ndani ya fomu yake. Ushauri wangu ni vyuo vinne: kimoja cha ndoto, viwili vinavyolingana na pointi zako, kimoja ambacho hata alama zikishuka daraja moja kwa kila somo bado unaingia. Hicho cha nne ndicho akiba ya kweli. Nikiangalia orodha za vijana wengi, wana vyuo vinne vya ndoto, kisha wanaita vitatu kati ya hivyo akiba kwa sababu tu vimeandikwa chini.

Na kipimo cha akiba ni hiki: je, ukidahiliwa huko peke yake, utaripoti? Kama jibu ni hapana, futa, weka kingine.

Kwa huku kwetu, angalieni kwa kombi.

ECA, EGM, HGE (kombi zenye uchumi): Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro kina uhasibu, fedha na benki, sayansi ya kompyuta na usalama wa mitandao. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, MoCU, kina ushirika, uhasibu, ununuzi na ugavi. Vyote ni vya umma.

HGL, HKL, HGK (kombi za historia na lugha): Chuo Kikuu cha Makumira pale Usa River ina sheria na ualimu, na ina digrii ya muziki ambayo wengi hawajui kama ipo. Mwenge, MWECAU, ina ualimu wa sanaa na wa sayansi. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru ina digrii ya maendeleo ya jamii.

CBG na PCB (kombi zenye kemia na baiolojia) wanaopenda porini: Chuo cha Mweka, juu ya Moshi, wanafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Mzazi akisikia Mweka anafikiria askari wa wanyamapori tu, lakini digrii ipo.

PCM, PGM (kombi zenye fizikia na hisabati): Chuo cha Ufundi Arusha kina uhandisi, diploma na digrii.

Chuo kutokuwa na neno "kikuu" kwenye jina hakupunguzi digrii yake, ilimradi programu imo kwenye mwongozo. Na kosa la kila mwaka: Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ni ya uzamili na uzamivu. Kijana wa kidato cha sita haombi huko, hata kama geti lipo njiani kwenda nyumbani kwao.

Baba_Kiboriloni

Mkuu, kwa PCB anayetaka udaktari na anahofia fizikia. Akiba yake iwe nini?

Msajili_Mstaafu_Moshi

Udaktari unataka prinsipali tatu, fizikia, kemia na baiolojia, jumla isiyopungua pointi 6, na juu ya hapo kila chuo kina masharti ya daraja kwa kila somo. Chukua mfano wa fizikia E, kemia D, baiolojia C. Ni 1+2+3, pointi 6 kamili. Kwa NECTA ni divisheni II ya pointi 12 na watu watampongeza, lakini kwenye foleni ya udaktari yuko mkiani. Fizikia ikiwa S, mlango wa udaktari umefungwa kabisa kwa njia ya moja kwa moja, hata kemia na baiolojia zikiwa A.

Hapo ndipo uangalie jirani za udaktari na siyo udaktari kwenye vyuo vinane tofauti. KCMC pale Moshi ina uuguzi, fiziotherapia, sayansi ya maabara ya afya, na utengenezaji wa viungo bandia. Hiyo ya mwisho inafundishwa sehemu chache sana. Nje ya mkoa kuna tiba ya mifugo na sayansi ya chakula SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), na afya ya mazingira. Soma masharti ya kila moja kwa jicho la fizikia: nyingine zinaikubali S, nyingine zinataka prinsipali, nyingine zinakubali ufaulu wa fizikia wa kidato cha nne badala yake.

Na kama anataka ualimu wa sayansi, kemia na baiolojia pekee zinamtosha. Sikiliza, baba, hilo lisitamkwe nyumbani kama adhabu. Shule zetu zina njaa ya walimu wa sayansi.

Dada_Njiro

Tuingie kwenye mkopo, maana chuo bila hela ni barua tu.

Dirisha la Bodi ya Mikopo halingoji udahili ukamilike. Mambo mawili yanaenda sambamba. Mwombaji asiwe amezidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Ada ya maombi ni 30,000.

Kinachoanza ni uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), mtandaoni. Unafungua akaunti, unachagua huduma ya uhakiki, unapakia cheti kilichoskaniwa, unalipia 3,000 kwa kontrol namba, unasubiri majibu yenye namba ya uhakiki. Namba hiyo ndiyo fomu ya mkopo inayoitaka. Uhakiki huu unaweza kuufanya leo, hata kabla matokeo hayajatoka. Ukiufanya wiki ileile ambayo nchi nzima inaufanya, utangoja. Cheti kikigoma, kawaida ni kwa sababu namba ya ingizo haisomeki au taarifa zake hazilingani na daftari. Beba cheti halisi uende ofisi ya RITA ya wilaya, iliyopo ofisi ya mkuu wa wilaya. Aliyefiwa na mzazi anahitaji pia kuhakiki cheti cha kifo. Tangazo la mazishi au barua ya mchungaji haichukui nafasi yake.

Kisha mdhamini. Awe na kitambulisho cha taifa cha NIDA, picha, simu inayopokelewa. Fomu ikishajazwa inachapishwa, kurasa za sahihi zinasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, yaani hakimu au wakili. Zinaskaniwa, zinapakiwa tena. Hapa watu wawili hukwamisha: mwenyekiti wa mtaa aliyesafiri, na mdhamini anayeishi Dar wakati fomu iko Moshi. Chagua mdhamini unayeweza kumfikia kwa daladala.

Ushahidi wa hali ya nyumbani: kaya iliyo TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini) iweke namba yake. Ulemavu uthibitishwe na mganga mkuu. Na jambo linalosahaulika sana huku Kilimanjaro na Arusha: kijana aliyesoma shule binafsi ya gharama kwa ufadhili wa kanisa, shirika au mtu. Asipoweka barua ya ufadhili, mfumo unaona ada kubwa iliyolipwa na unahitimisha kwamba nyumbani wanazo. Barua hiyo ifuateni shuleni au kwa mfadhili sasa hivi.

Namba ya mtihani iliyotumika kwenye udahili iwe ndiyo ya kwenye mkopo. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili. Akitumia moja chuoni na nyingine Bodi, majina hayakutani, mkopo haumwoni.

Ukipiga hesabu: vyuo vinne kwa 10,000 ni 40,000, mkopo 30,000, RITA 3,000. Jumla 73,000 kabla ya kuchapisha na nauli. Ziwekwe pembeni mapema, zisichanganywe na matumizi ya nyumba.

KombiHGL_Ngaramtoni

Dada, mkopo unalipa chuo binafsi?

Dada_Njiro

Unatolewa pia kwa wanaosoma vyuo binafsi vinavyotambuliwa, lakini haimaanishi utafikia ada yote. Fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, na ada inalipwa kwa asilimia utakayopangiwa. Chuo binafsi chenye ada kubwa kikiwa akiba yako, nyumbani mkae mhesabu pengo: ada ya chuo toa kiasi ambacho mkopo ukiwa mdogo bado utakifikia. Pengo hilo likiwa halilipiki, akiba hiyo siyo akiba. Chuo ambacho unaweza kwenda na kurudi nyumbani kwa daladala, kama wa Tengeru kwenda Usa River au wa Rau kwenda MoCU, kinaokoa chumba na chakula, na fedha hiyo inaweza kuziba sehemu ya ada.

Waliofanya vizuri sana kwenye sayansi waangalie pia Samia Scholarship, ufadhili wa masomo ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Orodha yake hutokana na matokeo yenyewe ya NECTA.

Steshenari_Kaloleni

Kuhusu kuthibitisha, hapa ndipo vilio vingi vinapotokea.

Ukidahiliwa vyuo zaidi ya kimoja, jina lako linatangazwa kwenye orodha ya wenye udahili zaidi ya mmoja na unatumiwa msimbo kwenye simu na barua pepe. Unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unaweka msimbo, basi. Msimbo usipofika, omba tena ndani ya akaunti ya chuo, usikae ukingoja. Muda ni wa siku chache na ukipita bila kuthibitisha unapoteza nafasi zote.

Anayekuomba "nitumie msimbo nikuthibitishie" anaweza kukuthibitisha anakotaka yeye. Msimbo huo uchukulie kama namba ya siri ya M-Pesa.

Baba_Kiboriloni

Na yule aliyepata akiba dirisha la kwanza, akathibitisha, halafu dirisha la pili lina programu aliyoitaka?

Msajili_Mstaafu_Moshi

Upo utaratibu wa kujiondoa kwenye uthibitisho, kupitia akaunti ya chuo ulichothibitisha, kisha unaomba upya. Ila elewa unachokiacha. Dirisha la pili ni la nafasi zilizobaki. Programu zinazogombaniwa mara nyingi huwa zimejaa, na zilizobaki zinatangazwa na chuo. Kwanza hakikisha programu unayoitamani imo kwenye orodha ya zilizobaki, na pointi zako zinazidi kiwango cha chini kwa nafasi ya kupumua. Imo, na pointi zinatosha vizuri: ni uamuzi wa kufikirika. Haimo: kaa na ulichonacho. Kujiondoa kwa tetesi ya kundi la WhatsApp ni kuruka mtoni bila kuona ng'ambo.

MamaPendo_UsaRiver

Na asipofika pointi 4?

Mlezi_Sakina

Njia ni tatu, mama, na hakuna ya aibu.

Ya kwanza ni stashahada. Mwenye prinsipali moja na sabsidiari (S) moja anaingia diploma ya miaka miwili, ngazi ya 5 hadi 6. Akimaliza kwa GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 na kuendelea anaomba digrii, akiwa na ufaulu wa masomo manne wa kidato cha nne. Atahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Programu za afya zina utaratibu wao wa maombi kupitia NACTVET, nyingine unaomba chuoni moja kwa moja. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo pia kwa diploma za fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, kilimo na mifugo.

Ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Arusha na Moshi. Inataka pointi 1.5 kutoka masomo mawili, yaani hata E moja na S moja inatosha. Sharti la kutokea ndilo gumu: GPA ya 3.0 kwa masomo sita ya msingi, na C au zaidi katika masomo matatu ya mchepuo wake. Kijana anayejisomea bila kusukumwa anafaulu. Anayehitaji kengele ya darasani atapata shida, na ni heri diploma.

Ya tatu ni kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika mwaka huohuo wa matokeo, siyo mwezi mmoja kabla ya mtihani wa Mei. Ina maana kwa aliyeteleza kidogo kwenye somo moja. Yule mwenye D, E, E wa mwanzo wa uzi anahitaji kupandisha E moja iwe D tu. Lakini asikae mwaka mzima bila darasa la jioni wala mtu wa kumsahihishia mitihani ya majaribio.

Kwa anayelenga afya, na kemia na baiolojia zake ni dhaifu, mimi ningesema diploma bila kusita. Anaanza kugusa kazi mapema na anarudi chuo kikuu akijua anachokifuata.

Dada_Njiro

Kwa kuwa Arusha ina shule nyingi za kimataifa: mwenye matokeo ya mitihani ya nje kama Cambridge, IB au KCSE ya Kenya anaomba kwanza ulinganifu NECTA, anapewa namba inayoanza na EQ, ndiyo anayoitumia kwenye fomu. IB hutoka mwanzoni mwa Julai, wanawahi. Cambridge ya A-level hutoka katikati ya Agosti, kwa hiyo wajipange kwa dirisha la pili na ulinganifu wa mtihani wao wa O-level waukamilishe sasa.

Na mawakala wa vyuo vya nje wanaozunguka mahotelini: kabla ya kulipa chochote, uliza TCU kama chuo na wakala vinatambuliwa, na mwanafunzi achukue cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU kabla ya kuondoka. Digrii isiyotambuliwa hukwama baadaye kwenye ajira ya serikali na bodi za taaluma.

KombiHGL_Ngaramtoni

Siku yenyewe tovuti ya NECTA huwa inagoma kufunguka. Kuna njia nyingine?

Steshenari_Kaloleni

Piga *152*00#, ingia Elimu, kisha NECTA, kisha Matokeo, chagua ACSEE (mtihani wa kidato cha sita), andika namba ya mtihani na mwaka kwa vistari, kwa mfano S0000-0000-2025, ukiweka namba yako. Inakata shilingi 100, kwa hiyo salio liwepo. Kwenye tovuti usifungue ukurasa wa nchi nzima na kuurudisha kila sekunde. Ukishafunguka mara moja, hifadhi kiungo cha shule yako, ukurasa huo ni mwepesi. Ukiona alama zako, nakili kila somo na daraja lake, GS na BAM pia, halafu kaa na karatasi ile ya mipango miwili kabla hujampigia mtu yeyote simu.